Msaada wakuu: hita ya maji ya gesi ya pawa venti, feni inazunguka ila moto hauwaki

Mpare_Minnesota
Habari za usiku wakuu. Naombeni msaada hasa mafundi na wenye nyumba mlioko huku Marekani na Kanada, maana hii kitu kwetu nyumbani hatuna, kila nikimuuliza mtu anafikiri kuna sehemu ya kuwasha na kiberiti, hii haina.

Niko Brooklyn Park, Minnesota, nyumba tumenunua miaka 2 iliyopita. Kwenye besimenti kuna hita ya maji ya gesi ya galoni 50, ile ya pawa venti. Juu yake kuna feni ndani ya boksi jeusi, ina waya unachomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, na moshi hautoki kwa dohani, unasukumwa na hiyo feni kupitia paipu jeupe la plastiki la inchi 3 ambalo linapita kwenye dari ya besimenti, linakatiza juu ya gereji alafu linatokea ukutani nje.

Tatizo limeanza Jumamosi usiku baridi ilivyoshuka hadi nyuzi 24 chini ya sifuri za Selsiasi. Wife anaoga akasema maji yanapoa. Nikashuka chini, nikakuta feni inavuma vizuri tu, nikasubiri moto, moto hamna. Ikazima. Ikapumzika kidogo ikaanza tena. Ikajaribu hivyo mara kadhaa alafu ikanyamaza kabisa, sa hivi kuna kitaa kidogo kinapepesa mara 3 kinatulia, mara 3 kinatulia. Nikichomoa waya nikarudisha inaanza upya na kuishia pale pale. Kinachonichanganya ni kwamba Jumapili saa 8 mchana iliwaka yenyewe, maji yakapata moto kabisa tukaoga wote, usiku ikagoma tena.

Leo nimeita fundi wa kampuni moja hapa. Kakaa kama dakika 10, hakufungua hata kifuniko, akasoma lebo akasema hita ina miaka 9 imeshakufa, nyingine na kazi yake dola 2,900. Nikamuuliza kipi kimekufa, akasema ndio umri wake. Sijakataa kununua kama imekufa kweli, ila nataka kuonyeshwa kilichokufa. Nina mtoto wa miezi 5 na mama yangu amekuja kutoka Same, tunachemsha maji kwenye masufuria kama tuko kwenye msiba. Nisaidieni nianzie wapi.

Mwana_wa_Jiko
Ignaita hiyo mkuu, kile kifaa cha kuwashia moto. Kwangu ilikuwa hivyo hivyo, nikaagiza mtandaoni dola 60 nikabadilisha ikapona.

TestaMkononi
Mimi nasema sensa ya moto imechafuka. Itoe uisugue na stilwaya laini, urudishe. Dakika 20 kazi imekwisha.

FundiHewa_Columbus
Mkuu Mpare pole sana, baridi hiyo na mtoto mchanga ndani sio mchezo. Mimi kazi yangu ni hizi hita na mafanesi (mashine za kupasha nyumba joto) hapa Columbus, Ohio, huu ni mwaka wa 11. Kabla hujanunua hata skrubu moja naomba unisome taratibu, maana hita za namna hii zina utaratibu wao na haziruki hatua. Ukijua imeishia hatua ipi umeshajua pa kwenda kutafuta, na ukikosa kujua hilo utanunua ignaita, utanunua sensa, utanunua valvu, na maji bado yatakuwa baridi.

Iko hivi. Maji yakipoa themostati inaita moto. Bodi, yaani ubongo wa umeme wa hita, kwanza inaiangalia swichi ya presha, kwa wakati huo inatakiwa iwe wazi, yaani haipitishi umeme, kwa sababu feni bado imelala, kama imeganda ikiwa imefunga bodi haiendelei mbele. Ikiridhika inawasha feni. Sasa ile hewa inayovutwa na feni inaleta mvuto kwenye kimpira chembamba kinachotoka kwenye boksi la feni kwenda kwenye swichi ya presha, na swichi ikihisi kwamba hewa inapita sawasawa inafunga, ukiwa karibu utasikia "tik". Hiyo tik ndio ruhusa ya kila kinachofuata. Ikishapatikana ignaita inapewa umeme inakuwa nyekundu kama kaa la mkaa, alafu valvu inaachia gesi, moto unashika. Mwisho kabisa inakuja sensa ya moto, ni kijiti cha chuma kimesimama ndani ya mwali, bodi inapitisha umeme mdogo sana kwenye mwali wenyewe, maikroampea chache tu, ikiuona inaacha gesi wazi, isipouona inafunga gesi ndani ya sekunde chache.

Sasa rudi kwenye maelezo yako. TestaMkononi nakuheshimu ila sensa haiwezi kuwa ndio tatizo hapa, sensa ikichafuka moto UNAWAKA kwanza alafu unakufa, unawaka unakufa. Huyu moto wake haujawaka kabisa. Ignaita inawezekana, lakini mimi macho yangu yako kwenye presha, kwa sababu ya baridi na kwa sababu mchana iliwaka. Ignaita iliyokatika haiponi saa 8 mchana.

Naomba unifanyie haya na ulete majibu. Chuchumaa chini uangalie kwenye kidirisha kidogo cha kioo wakati feni inavuma, je kuna wekundu wowote? Kwenye mwili wa hita kumebandikwa jedwali la idadi za mipepeso ya taa, mara 3 kwenye hita YAKO maana yake nini? Usichukue majibu ya video, kila kampuni ina hesabu yake. Alafu toka nje ukaangalie mdomo wa paipu. Alafu chomoa waya wa umeme kwanza, ndio ukitoe kile kimpira chembamba kwenye swichi uangalie kama kimepasuka, kimelegea au kina maji ndani. Na soketi pia, chukua testa, hoti (waya wenye umeme) kwa athi (waya wa ardhini) isome kama volti 120, nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwa athi isome sifuri au karibu na sifuri. Waya zikiwa zimegeuzwa au athi hamna, hita inaweza kukusumbua mwaka mzima na kila kipuri ni kizima.

Bomba la gesi na valvu usiguse. Na ukisikia harufu ya gesi wakati wowote, acha kila kitu, usiwashe wala kuzima swichi, toeni watu wote nje ndio mpige simu.

Chapchap_254
Bro mbona story mingi, hizo waya mbili za pressure switch ziunganishe tu pamoja uone kama haitawaka. Mimi nilifanya hivo winter yote na tukaoga fresh.

FundiHewa_Columbus
Chapchap ndugu yangu, nakuomba kwa heshima ufute hiyo. Mpare usifanye hivyo hata kwa dakika moja.

Swichi ile iko pale kuthibitisha kwamba moshi unatoka nje. Ukiunganisha waya zake unaiambia bodi kwamba moshi unatoka hata kama paipu limezibwa na barafu. Hita itawaka kweli, na moshi wote utarudi besimenti ukiwa na kaboni monoksaidi, gesi ambayo haina harufu, haina rangi, haikoholeshi. Inaanza kichwa kinauma, kichefuchefu, kizunguzungu, mtu anadhani ni mafua anaenda kulala. Kuna mtoto wa miezi 5 kwenye nyumba hii. Kama winter yote mlitoka salama mshukuruni Mungu, na kama hizo waya bado zimeunganishwa nenda kazitenganishe leo.

Mpare una kengele ya kaboni monoksaidi? Minnesota sheria inataka iwepo ndani ya futi 10 kutoka kila chumba kinacholaliwa.

Mama_Neema_Iowa
Naunga mkono fundi kwa mikono miwili. Sisi hapa Des Moines mwaka juzi kengele ililia saa 9 usiku, mwanangu mkubwa alikuwa ameamka analalamika kichwa tangu saa 7 na mimi nikampa panadol nikamwambia alale. Zimamoto walikuja na mita yao wakatutoa wote nje na blanketi. Ilikuwa paipu la fanesi, ndege wamejenga kiota ndani. Mpaka leo nikisikia ile sauti hata kwenye sinema natetemeka. Baba Mpare nunua hata 2, weka moja juu karibu na vyumba moja huko chini.

Chapchap_254
Nimeskia fundi. Sikujua iko serious hivo, nilidhani ni sensor tu ya kawaida. Hiyo nyumba tulihama, nampigia mwenye ako huko sa hii.

Mpare_Minnesota
Asanteni sana, kengele zipo 2 na nimezibonyeza zinalia.

Majibu yako fundi. Wekundu hakuna kabisa, nimelala chini kifudifudi nimeangalia mizunguko 3 yote ni giza. Jedwali linasema mara 3 ni swichi ya presha haijafunga. Soketi nimepima na testa ya kuazima kwa jirani, hoti kwa athi 121, nyutro kwa athi sifuri. Kile kimpira hakijapasuka ila nilipokivuta kilikuwa na tone la maji ndani, nikakipuliza likatoka.

Na nje sasa, fundi ulijuaje. Mdomo wa paipu umefungwa na barafu pande zote kama pete, katikati kimebaki kitundu cha kupitisha vidole 2. Kile kiwambo cha waya cha kuzuia ndege ndio kimeshikilia barafu yote. Ukuta ule unapata jua mchana, nikaelewa kwa nini Jumapili iliwaka saa 8. Nimeyeyusha kwa maji ya moto kwa kumwagia polepole, nikatoa na mkono. Nikarudi nikachomeka, feni, tik, wekundu, moto! Mama kapiga vigelegele huko juu.

TestaMkononi
Hongera mkuu. Fundi heshima yako, nimejifunza kuhusu sensa.

Mwana_wa_Jiko
Safi sana, umeokoa dola 2,900.

Msafiri_Ontario
Niongeze kwa walioko Kanada. Hapa Ontario wengi wetu hita hizi si zetu, ni za kukodi, unalipa kila mwezi, kwa hiyo kabla hujaanza kufungua kitu angalia bili yako, ikiwa ya kukodi matengenezo ni juu yao, wapigie. Na kazi ya gesi hapa lazima ifanywe na fundi mwenye leseni ya TSSA, mamlaka ya usalama wa kiufundi ya Ontario. Hata hayo mapaipu ya moshi ya plastiki sio kila paipu la dukani, linatakiwa liwe na alama ya S636, kiwango cha Kanada cha mapaipu ya moshi, imeandikwa ubavuni. Jamaa yangu mmoja Kitchener aliunganishiwa na paipu la maji machafu la kawaida, mkaguzi alipokuja kaling'oa lote.

FundiHewa_Columbus
Mpare nimefurahi ila usifunge uzi bado. Lile tone kwenye kimpira halijanipa raha. Barafu ya mdomoni inatokana na mvuke, gesi ikiungua inatoa maji mengi, ni kawaida. Lakini maji kufika hadi kwenye kimpira ina maana kuna maji sehemu ndani ya paipu hayatoki. Feni ikianza au ikizima sikiliza paipu, tembea nalo lote. Kuna sauti ya maji?

Mpare_Minnesota
Siku 2 kimya, leo asubuhi imegoma tena. Nje ni kweupe, hakuna barafu hata punje. Mara 3 inapepesa. Nimechoka wakuu.

Nimefanya ulivyosema fundi. Besimenti paipu kimya. Nikapanda ngazi gereji, kuna kidirisha cha kuingilia darini, nikaweka sikio karibu na paipu wife akachomeka waya chini. Inasikika! Kama mtu anapuliza mrija kwenye soda, blub blub blub, hasa pale feni inapoanza. Nimemulika na tochi ya simu, ule mkanda wa plastiki ulioning'iniza paipu umekatika, na paipu limebonyea katikati kama kamba ya kuanikia nguo.

FundiHewa_Columbus
Hapo hapo. Umempata.

Ngoja nieleze ili na wengine wenye mapaipu yanayopita juu ya gereji waelewe, maana kila winter nakutana na hii. Hita yako sio ile ya kisasa ya kukamua joto lote, moshi wake unatoka na joto na mvuke. Feni inachanganya na hewa ya chumba ili upoe usiyeyushe plastiki. Ukipita mahali pa joto mvuke mwingi unatoka nao nje, lakini juu ya gereji lisilo na joto paipu lina baridi kali, mvuke unagusa ukuta wa paipu unakuwa maji. Paipu likiwa na mteremko unaotakiwa maji yanaondoka. Likibonyea maji yanakaa pale kwenye tumbo, kila siku kidogo, mpaka tumbo linakaribia kujaa. Hewa inapita kwa shida, mvuto haufiki, swichi haifungi. Summer hakuna tatizo kwa sababu gereji lina joto, ndio maana watu wanaambiwa "hita imekufa" kila Januari.

Sasa sikiliza vizuri, USIINUE paipu kwanza. Ukiliinua maji yote yatakimbilia upande wa feni yatamwagika kwenye mota na kwenye bodi, hapo utakuwa umeiua kweli. Chomoa waya wa umeme. Juu ya feni kuna mpira mnene mweusi unaounganisha feni na paipu, umefungwa na vyuma 2 vya skrubu. Legeza cha juu, vuta paipu pembeni kidogo, funika mdomo wa feni kwa nailoni, weka ndoo chini ya paipu, ndio mwingine ainue kule gereji taratibu. Ukimaliza ning'iniza upya kwa mikanda ya chuma au ya plastiki nzito, mikanda iwe karibu karibu, na mteremko fuata kitabu cha hita yako sio macho yako, kuna hita zinataka paipu lishuke kuelekea nje, nyingine zinataka lirudi kwenye hita na kuwe na kitoleo cha maji. Kama kitabu kimepotea, namba ya modeli ipo kwenye lebo, kampuni wanaviweka vyote mtandaoni.

Na kama kuna jointi imeachia au imepasuka pale ilipobonyea, simama, mwite fundi mwenye leseni aunganishe upya. Hiyo sio ya kubandika na selotepu.

Nuru_Arusha
Samahani kuingilia, nafuatilia uzi huu niko Arusha. Sisi tuna ile ndogo ya papo kwa papo ya mtungi wa gesi, inatumia betri 2 kubwa, mwenye nyumba kaifunga bafuni ukutani. Ikiwaka sana nikioga najisikia kizunguzungu nilikuwa nadhani ni joto la maji. Haina paipu lolote la moshi.

FundiHewa_Columbus
Dada Nuru, acha kuoga na hiyo kitu kuanzia leo. Sikutishi. Hicho kizunguzungu sio joto la maji, ni dalili ile ile niliyoandika juu. Hita ya gesi isiyo na paipu la moshi haikai bafuni, hewa ya chumba kidogo inaisha oksijeni na kaboni monoksaidi inajaa ndani ya dakika chache. Mwambie mwenye nyumba aihamishe ukuta wa nje mahali penye hewa, maji ndio yaingie ndani kwa bomba. Mpaka hapo chemsha maji jikoni. Tafadhali nijibu hapa kwamba umeelewa.

Nuru_Arusha
Nimeelewa kaka. Nimefunga mtungi. Naenda kwa mwenye nyumba na simu hii hii asome.

Mama_Neema_Iowa
Mungu amekuleta kwenye uzi huu mdogo wangu.

Fundi na mimi nina swali, yangu inawaka vizuri, moto unaonekana, alafu kama sekunde 5 unakufa. Inarudia mara 3 alafu inagoma. Nikichomoa waya saa nyingine inakubali.

FundiHewa_Columbus
Mama Neema, wewe sasa ndio sensa ya moto, ile ya TestaMkononi. Kile kijiti kimeshika utando mweupe hauoni hata vizuri. Kuisugua ni kwa stilwaya laini sana, msasa mkali unaacha mikwaruzo na utando unarudi haraka. Ila kwenye hita yako sensa na bana (kichomeo cha gesi) vinatoka pamoja na kipande kinachofunga chumba cha moto, na kile kipande kina gasketi lazima izibe sawasawa ikirudi, maana vyumba hivi vya moto vimetengenezwa vimefungwa ili mvuke wa petroli au rangi ukiwa sakafuni usiwashwe kutoka ndani. Kwa hiyo kama hujazoea mwite mtu, mwambie kabisa "moto unawaka unakufa ndani ya sekunde 5", utakuwa umempunguzia nusu ya kazi. Na mwambie apime athi ya soketi. Umeme ukikatika mkatumia jenereta ndogo pia hii hutokea, sensa inahitaji athi na nyutro ziwe zimeungana vizuri ndio iuone moto, na jenereta nyingi ndogo haziko hivyo.

Mwana_wa_Jiko
Kwa hiyo hizi umeme ukikatika hakuna maji ya moto hata kama gesi ipo?

FundiHewa_Columbus
Hakuna. Yatatumika yaliyomo kwenye tangi tu. Bila feni haiwaki, na ndivyo inavyotakiwa.

Mpare_Minnesota
Wakuu nimerudi. Jumamosi nzima nilikuwa darini.

Tulifanya kama fundi alivyoelekeza. Shemeji yangu alikuwa gereji, mimi chini na ndoo. Mpira ule ulikuwa umeshika kwa miaka, nililegeza skrubu nikauzungusha polepole mpaka ukaachia. Nikafunika feni na mfuko wa nailoni nikafunga na kamba. Nikampigia shemeji simu nikamwambia inua. Kwanza ilisikika kama mtu anashuka ngazi ndani ya paipu, alafu maji yakaja kwa mkupuo, ya rangi ya chai ya rangi, yana harufu kali kidogo kama siki. Nilipima kwa chupa, lita 3 kasoro kidogo. Lita 3 ndani ya paipu la moshi! Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kanga mkononi, akasema, "Mwanangu, hiyo hita ilikuwa inazama."

Mikanda mitatu ilikuwa ya plastiki nyembamba, mmoja umekatika, wa pili umebaki uzi. Nimeweka mikanda ya chuma yenye mpira ndani 6, kila futi 4 hivi, na kipima usawa nimeazima kwa jirani yule yule wa testa. Kitabu nilikipata mtandaoni kwa namba ya modeli, changu kinataka paipu lishuke kidogo kuelekea nje, lilikuwa limewekwa hivyo mwanzoni isipokuwa pale lilipobonyea. Jointi zote nimezikagua, ziko imara.

Baada ya kurudisha na kukaza mpira niliwasha udi, nikazunguka nao kwenye mpira na kila jointi feni ikiwa inavuma, moshi wa udi haukupepea popote. Alafu sikuamini macho yangu peke yangu, nikamwita fundi mwingine mwenye leseni aje apime tu. Kaja na mita ya kaboni monoksaidi, kapima chumbani na kwenye mdomo wa nje, kapima presha ya gesi, kaangalia na swichi. Kachukua dola 149 akasema hita ni nzima. Nilimwonyesha ile ndoo akatikisa kichwa.

FundiHewa_Columbus
Kazi safi sana, na umefanya vyema kumwita wa kupima. Hiyo ya udi sijawahi kuiona ila nimeipenda.

Neno moja la ukweli kuhusu umri. Yule fundi wa kwanza hakukosea kwamba miaka 9 sio midogo, matangi mengi yanaenda miaka 8 hadi 12. Kinachomaliza hita ni tangi lenyewe kutoboka, na hilo halitengenezeki. Kila mwezi pitisha mkono chini ya tangi, ukikuta unyevu au kutu inachuruzika basi hapo ni kununua kweli. Kwa hiyo anza kuweka akiba taratibu ili siku ikifika uchague mwenyewe kwa utulivu na upate bei 3. Ila hakukuwa na sababu ya kukuuzia mpya kwa sababu ya mkanda uliokatika.

Kingine, umeiseti nyuzi ngapi?

Mpare_Minnesota
Nilikuwa nimeipandisha hadi 140 za Farenihaiti wakati naihangaikia nikidhani ndio itawaka.

FundiHewa_Columbus
Rudisha 120, hiyo ni kama 49 za Selsiasi. Maji ya 140 yanaunguza ngozi ya mtu mzima ndani ya sekunde 5 hivi, mtoto ni haraka zaidi.

Mpare_Minnesota
Nimeshuka nimeirudisha sasa hivi. Asante sana fundi, Mungu akulipe.

Nuru_Arusha
Mrejesho wangu: mwenye nyumba alisoma uzi wote akiwa amesimama mlangoni. Fundi amekuja jana wameihamishia ukuta wa nje nyuma ya jiko, bafuni limebaki bomba tu. Leo nimeoga dakika 15 sijasikia chochote.

Chapchap_254
Na yule wa nyumba yangu ya zamani alipata waya bado zimeungana. Ametoa. Fundi nashukuru.

Mpare_Minnesota
Wiki ya 3 leo, usiku mmoja tulifika nyuzi 27 chini ya sifuri na haijagoma. Kile kiwambo cha waya cha mdomoni nimeangalia kwenye kitabu, kampuni ina chake chenye matundu mapana, nimeagiza hicho. Pia nimechora mstari wa kalamu nyekundu kwenye paipu, usawa wa kila mkanda, nikiingiza gari gereji namulika tu na tochi naona kama kuna sehemu imeshuka.